Maji ya Evdochia

Cluj, 4 Oktoba 1985

Baba mpendwa,

Nimefika salama. Treni ilichelewa na behewa lilikuwa baridi hata watu wakalala na makoti na kofia zao, lakini nimefika. Tavi alinipokea stesheni akiwa na chupa ya chai ya moto. Unamjua mume wangu, hana maneno mengi. Ile chai ndiyo iliyonitoa machozi. Nililia pale pale mbele za watu, kilio ambacho makaburini kilinikataa.

Niwie radhi kwa kuondoka upesi namna ile. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya kuzika tu, na siku hizi mtu akikosekana kazini huulizwa yuko wapi na yuko na nani. Dirishani jikoni nimekuachia sufuria ya kabichi za kukunja. Za juu ndizo zenye nyama, za chini ni wali mtupu, kwa hiyo usijifanye mstaarabu ukaanzia chini.

Sasa lile jambo la maji. Tafadhali Baba, liache. Mama aliniagiza mimi, nami nilimwambia ukweli pale pale kitandani kwamba siwezi. Kwao Gorj, kijijini, msichana huchota maji akampelekea jirani kila siku mpaka arobaini ya marehemu, na kila mtu anaelewa. Lakini Bukaresti? Mzee wa miaka sitini na saba, fundi mstaafu wa meno bandia, anazunguka na ndoo akigonga milango ya watu? Watakucheka. Na wasiocheka wataandika ripoti mahali. Mimi nafundisha kemia. Najua maji ni nini, na najua hayaendi kwa wafu.

Njoo ukae nasi, angalau msimu huu wa baridi. Mtaa wenu umeshakuwa vumbi na mashine. Chumba kipo, na Tavi amesema mwenyewe, bila kuulizwa, jambo ambalo kwake ni hotuba.

Binti yako,
Smaranda


Bukaresti, 10 Oktoba 1985

Smaranda mwanangu,

Kabichi nilianzia juu. Ustaarabu wangu niliuzika pamoja na mama yako.

Maji napeleka. Nilianza siku ile ile ulipopanda treni, na sijaruka hata siku moja. Usinune. Wewe hukuweza, sawa, lakini lazima mtu ayapeleke. Mama yako aliamini kwamba asiyepelekewa maji huku hukaa na kiu kule, na hakuna wa kumpa hata tone. Masharti unayajua: yatoke kwenye pampu yetu ya uani, yaende kila siku bila kukatika, na mwenye nyumba anywe mbele yangu na kumwombea kwa jina. Siku ya arobaini namalizia mtoni mbele ya shahidi. Mimi siamini wala sikatai. Nimeishi na mwanamke yule miaka thelathini na minane, na alipokuwa na kiu usiku mimi ndiye niliyeamka. Basi bado naamka.

Wala si nyumba moja tu. Aliniambia, "Leontin, usinipelekee kwa Aglaia hapo jirani kila siku kama barua za posta. Nizungushie mtaa." Kwa hiyo nazunguka nyumba zile alizokuwa akiwaonyesha wageni enzi zake za kuongoza watalii. Miaka yote alikuwa akinisimulia habari zake mezani, nami nasugua meno ya watu na kuitikia eeh, eeh. Sasa ndiyo nazitazama.

Jumatatu nilikwenda kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa manyoya, ile yenye kijipaa cha kioo juu ya mlango, kilichotandazwa kama upepeo wa mkono. Bwana yule alifika Paris mara moja maishani, akarudi akajenga alichodhani amekiona. Nguzo za Kigiriki, madirisha ya Kituruki, na paa ambalo mama yako alisema halina wazazi. Sasa wanakaa humo familia nne. Mama wa ghorofa ya juu alifungua, akaiona ndoo.

"Mzee, na nyinyi mmekatiwa maji?"

"Hapana, ni ya Evdochia. Kunywa, umwombee."

Akachungulia ngazini kama kuna mtu. Halafu akanywa gilasi nzima, akasema, "Mungu amrehemu Evdochia, yamfikie haya alipo," na kunifungia mlango puani.

Jana ilikuwa zamu ya nyumba ya vichwa. Bila shaka unaikumbuka, ile yenye wanawake wa plasta juu ya kila dirisha, wote sura moja na wote hawana pua. Wageni waliambiwa ni tetemeko. Mimi aliniambia kweli: mwenye nyumba alikuwa wakili, akamwagiza fundi afinyange sura ya hawara wake. Mkewe alipogundua, alipanda ngazi na nyundo, akatembea nayo dirisha baada ya dirisha. Tetemeko la mwaka sabini na saba liliwakuta pua hawana kitambo. Nilicheka peke yangu barabarani na ndoo yangu, kisha nikageuka kumwambia mama yako kwamba sasa nimeiona, na hakuwapo. Hilo lilinikalisha kwenye ngazi za watu kwa muda mrefu.

Habari za serikali kubomoa mtaa zisikunyime usingizi. Nimekwenda mwenyewe ofisi ya nyumba. Upande wetu wa kilima hauguswi mpaka theluji iyeyuke, karani ameniambia kwa mdomo wake. Arobaini ni tarehe sita Novemba. Muda ninao.

Baba yako,
Leontin


Cluj, 15 Oktoba 1985

Baba,

Bi Aglaia amenipigia simu shuleni. Niliitwa kutoka darasani, nikatembea kwenye ule ukumbi nikikuwaza wewe, kwa kuwa mara ya mwisho kuitwa hivyo ilikuwa ni habari za Mama.

Anasema unakohoa usiku kucha hata yeye anakusikia kutoka nyumbani kwake. Anasema juzi ulionekana ukitoka kwenye nyumba isiyo na paa, wafanyakazi wakakufukuza, na mmoja akakuita kichaa. Ni kweli? Maana barua yako imejaa mapaa ya kioo na wake wenye nyundo, na kikohozi sikukiona humo.

Unafikiri sikupendi kwa sababu sikubeba ndoo. Nakupenda kwa namna ninayoiweza. Sina mama tena, na sitaki kuambiwa kwa simu ya shule kwamba na baba sina. Nyumba ile ina ufa tangu tetemeko, jiko linakula kuni ambazo hazipatikani, na baridi inakuja. Wenzako waliokwisha kuhamishwa wana ghorofa zenye mabomba ya joto ukutani. Kwa nini uwe wa mwisho?

Kuna jambo nimelishughulikia kupitia watu wanaojuana na Tavi. Siliandiki hapa. Likikamilika utafurahi, au utanuna wiki moja kisha utafurahi.

Kunywa maziwa ya moto. Ukiyakosa, kunywa hayo maji yako, lakini yachemshe.

Smaranda


Bukaresti, 21 Oktoba 1985

Mwanangu,

Aglaia mdomo wake ungepata kazi redioni. Kikohozi ni vumbi tu, na vumbi ndilo linalotuunganisha sote mtaani sasa.

Nyumba isiyo na paa nilikwenda, ndiyo. Chini yake kuna yale maghala ya wafanyabiashara wa mvinyo, ya zamani kuliko kila kitu kilichojengwa juu yake, yenye matao mapana ambamo gari la ng'ombe wawili liliweza kugeuka. Humo ndimo mama yako alimojificha wakati wa mabomu ya mwaka arobaini na nne, akasikia nyumba ya juu ikianguka na tao halikutikisika. Juu wameshabomoa, ila chini bado anakaa bibi mmoja, muuza maua wa zamani, na paka wake. Amekataa kutoka. Nilimpa maji akanywa kwa mikono miwili. Akaniuliza huko juu ni asubuhi au jioni. Nikamwambia asubuhi, akasema, "Basi bado mapema, sitoki." Ningemwacha kwa ajili ya mpumbavu anayeniita kichaa?

Nisikufiche, mtaa umeharibika. Umekuwa mdomo ambao hata mimi nisingeuwekea meno. Nyumba ya manyoya imekwenda Ijumaa, pamoja na kipaa chake. Na kanisa la kilimani wamelikata msingi, wakalipandisha juu ya reli, wanalisukuma polepole likafichwe nyuma ya maghorofa. Niliona kwa macho yangu, kanisa zima na mnara wake linatembea. Watu tulisimama, wanaume wakavua kofia, kisha wengine wakazivaa tena. Hakuna aliyejua kama yale ni maandamano au ni maziko, na vyote viwili siku hizi vinataka kibali.

Nikuchekeshe kidogo. Jana nilimpelekea maji Haralambie, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwenye ile nyumba yenye ukumbi wa nguzo nene. Unakumbuka uadui wao. Yeye anasema ilijengwa na babu yake bwana mkubwa mwenye vijiji, mama yako akawaambia wageni ilijengwa na muuza mishumaa. Walibishana miaka ishirini. Akasimama mlangoni.

"Sinywi mpaka ukiri ni nyumba ya bwana mkubwa."

"Haralambie, mke wangu amekufa."

"Najua amekufa. Nilikuwepo kanisani, nililia kuliko wewe. Kiri."

"Ni ya muuza mishumaa."

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Jeuri mpaka kaburini," akasema, na akanyang'anya kata akanywa tatu. "Mungu amrehemu Evdochia, yamfikie alipo. Na mwambie alikosea." Kisha tukakaa pale ukumbini wazee wawili, tukalia mpaka tukaoneana aibu.

Juu ya jambo lako na watu wa Tavi: kama ni kuni au koti, ahsante sana. Kama ni kitu kingine chochote, nakusihi kingoje mpaka tarehe sita ipite. Baada ya hapo nifanye utakalo, nipeleke hata Cluj ukaniweke sebuleni kama saa ya ukutani. Mpaka hapo mimi na pampu tusitenganishwe. Nimekuomba kitu kimoja tu maishani, Smaranda, nacho ndicho hiki.

Baba


Bukaresti, 29 Oktoba 1985

Smaranda,

Tazama anwani nyuma ya bahasha, ni mpya.

Walikuja Alhamisi asubuhi na lori. Nilidhani wamekosea nyumba. Nikawaambia sisi ni wa baada ya theluji, wakanionyesha jina langu. Tukapewa mpaka jioni. Kabati la mama yako halikupita mlangoni, wakalivunja. Nilipofunga mlango msimamizi wao aliniambia, "Mzee, unafunga nini?" Kabla lori halijapinda kona nyuma yetu tayari walikuwa wanang'oa madirisha.

Niko ghorofa ya nane. Lifti haijafungwa, ni shimo tu lenye ubao. Maji hayajafika huku juu. Mabomba ya joto yapo, ila baridi kama nyoka. Mlango wa choo haujaletwa. Haralambie naye wamemtupa jengo hili hili, ghorofa ya tatu, hana pa kuweka picha za mababu zake.

Alhamisi sikupeleka maji. Ijumaa nilirudi na ndoo, nikakuta uzio wa mabati na askari, wakanigeuza. Jumamosi vivyo hivyo, nikamwonyesha askari hata picha ya mama yako, akasema kila mtu ana wafu wake. Jumapili zamu ilikuwa ya mlinzi mtu mzima, mtu wa Oltenia kama mama yako, akaniuliza ndoo ya nini. Nikamwambia. Akageuka akatazama upande mwingine akiwasha sigara. Nyumba haipo, Smaranda. Pampu imesimama peke yake katikati ya matofali, na ukiisukuma bado inatoa maji. Tangu siku hiyo naenda, nayabeba kwenye tramu, nawapa watu wa jengo hili, na wanayanywa kwa shukrani kwa kuwa kweli hawana.

Lakini siku tatu zimekatika. Nilimwendea kasisi, akaniwekea mkono begani akasema Mungu hahesabu. Najua. Evdochia alihesabu. Alihesabu hata vijiko.

Nashindwa kuelewa jambo moja. Nyumba nyingine zote za safu yetu bado zimesimama, ya Aglaia bado imesimama. Nyumba yetu peke yake ndiyo waliyoirukia, kama mtu aliyeng'oa jino zima akaacha bovu, na ya Haralambie kwa kuwa tunashiriki ukuta. Jina langu lilipandishwa juu. Ni nani aliyelipandisha, mimi nisiye na rafiki mkubwa yeyote? Wewe unadhani ni nani?

Baba yako


Cluj, 2 Novemba 1985

Baba yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na sikuweza kukaa mpaka jioni. Pole. Pole kwa kabati, pole kwa kila kitu.

Unaniuliza ni nani. Sijui, Baba. Wenye kazi hizo wana sababu zao, leo wanaanzia huku, kesho kule, pengine mashine zilihitaji njia ya kupitia. Usijisumbue kutafuta. Jambo lile nililokutajia lilikuwa la kuni, halikufanikiwa.

Kasisi amesema vizuri. Siku tatu kati ya zote hizo ni nini? Mama alikuwa mkali wa hesabu lakini hakuwa mkatili. Mlango wa choo wataleta na joto litakuja, na siku moja utaniambia heri uliondoka mapema.

Tarehe sita siwezi kufika, kuna ukaguzi shuleni. Natuma ngano na asali kwa ajili ya sinia la arobaini, na jozi nilizomenya mwenyewe. Naomba unisamehe kwa kutokuwapo. Nisamehe kwa yote.

Wako,
Smaranda


Bukaresti, 7 Novemba 1985

Smaranda,

Jana tulimaliza.

Mto hapa mjini hauna maji. Wameuchimba wote, wanaujengea kitanda cha zege, chini ni tope na wanaume wenye buti. Huwezi kumwachia marehemu maji kwenye tope. Mimi na Haralambie tukapanda tramu mpaka mwisho wa njia, halafu tukatembea sana, mpaka mahali mto bado ni mto, wenye mabata na wanawake wanaofua. Haralambie alikuwa amevaa tai. Nilichukua kibao, nikabandika mshumaa na kipande cha mkate, nikakiweka majini kama wanavyofanya kwao Gorj. Ngano yako tuliipika, ilikuwa nzuri, wale wanawake waliokuwa wakifua walikula wakamwombea.

Kisha shahidi huuliza. Kuuliza kwake ni mara tatu, na mtoa maji hujibu mara tatu, na kinachosemwa pale mbele ya maji yanayokwenda ndicho kinachomfikia. Haralambie akasimama wima akauliza, "Leontin, Evdochia amepata maji yake yote, siku zote, bila pengo?"

Kabla sijakuandikia nilichojibu, kuna jambo ulijue.

Siku ile ya lori, karani alipokuwa akinikabidhi ufunguo, alinipongeza. Akasema, "Mshukuru binti yako wa Cluj. Amepiga simu mara tatu, akatafuta na mtu wa kumsemea. Wazee wengi hawana mtoto wa namna hiyo." Kwa hiyo nilipokuuliza ni nani, nilikuwa najua. Nilikufungulia mlango uingie. Hukuingia, ukaniandikia habari za mashine zinazohitaji njia.

Nilikasirika, Smaranda. Nilikasirika mpaka nikaogopa moyo wangu. Usiku nilikuwa nakutukana kwa sauti katika chumba kisicho na mlango, na wa chini wakagonga bomba. Sasa hasira imepungua, iliyobaki ni uchovu. Ulitaka nipate joto. Ulipiga simu hizo kabla barua yangu ya kukusihi haijakufikia, tarehe nimezilinganisha, na hilo limenisaidia kidogo. Kwa taarifa yako joto halijafika.

Basi mtoni. Niliwaza kusema kweli. Ningesema zimekatika tatu, na angetaka kujua kwa nini, maana unamjua, haachi jambo. Na jibu lake ni wewe. Mtoto aliyemzaa kwa taabu usiku wa barafu, aliyemwagiza maji kitandani akakataliwa, kisha maji yenyewe yakakatwa kwa mkono wa mtoto huyo huyo. Sikuweza kumpelekea hilo huko aliko.

Nikajibu, "Amepata yote, siku zote, bila pengo." Nikasema mara tatu. Haralambie anajua siku zile zilikatika, tulibebwa kwenye lori moja, na miaka ishirini hakuliacha hata neno moja la nyumba yetu lipite bila kulibishia. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nimeshuhudia." Kibao kikaenda.

Katika miaka thelathini na minane sikuwahi kumdanganya mama yako kwa jambo kubwa. Sasa nimemdanganya, na hawezi hata kuniuliza. Kuna siku tatu atakaa na kiu kule, atageukageuka akitafuta ni nani aliyemsahau, na hatampata.

Na wewe utafika kule siku moja. Atakuuliza. Mwambie hujui, kama ulivyoniambia mimi.

Leontin